Ruta Haifai Kufichwa

Huku Petta, wilayani Tororo, nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma na mabati. Nikiitwa kufunga intaneti, mwenye nyumba huniomba niifiche ruta kabatini au nyuma ya televisheni. Nakataa kabisa. Chuma hurudisha mawimbi, na hata pipa la maji huyafyonza. Ruta ikae juu, katikati ya nyumba, antena zikisimama wima ili mawimbi yasambae kando.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. Ya gigahezi 5 yana kasi, ila ukuta mmoja mnene huyachosha; ya 2.4 hupenya na kufika mbali. Kwa hiyo mtoto anayesomea kwenye jiko la nje nampa 2.4. Busia mjini maduka yamebanana na ruta zao huingiliana, kwa hiyo katika 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, zisizoingiliana.

Ruta ya laini ya simu ni habari nyingine: iweke dirishani, upande wa mnara. Karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, chagua mwenyewe mtandao wako kwenye mipangilio, isije ikashika mnara wa Kenya ukatozwa gharama za ng'ambo.