Kipuri cha ndege bila hati ni chuma chakavu

Katika biashara ya vipuri vya ndege, bei haimo kwenye chuma bali kwenye karatasi. Pampu ya mafuta iliyofanyiwa matengenezo makubwa huuzwa na hati yake: Marekani ni Fomu 8130-3, Ulaya ni Fomu 1 ya EASA. Bila hati, haifungwi kihalali kwenye ndege ya abiria.

Nyuma ya hati hiyo kuna fundi. Huko Marekani, mamlaka ya anga, FAA, humpa cheti mtu aliyetimiza miaka 18, aliyeajiriwa na kupendekezwa na karakana, mwenye uzoefu wa miezi 18 katika kazi husika au mafunzo rasmi yanayokubalika. Ila nje ya karakana hiyo cheti hakina nguvu. Kwa mwajiri ni ahueni. Kwa fundi ni kamba mguuni, na wengi hutafuta leseni pana ya umakanika.

Hasara ya karatasi mbovu ilionekana mwaka 2023, ilipobainika kuwa kampuni moja ya London imeuza vipuri vya injini za CFM56, zinazotumika kwenye Boeing 737 na Airbus A320 za kizazi cha nyuma, kwa hati za kughushi. Mashirika kadhaa ya ndege yalilazimika kuvitoa.

Kwa hiyo mwenye nia ya kununua hisa za karakana asiishie kwenye mitambo na majengo. Aulize imeidhinishwa kutengeneza vipuri gani, wangapi wanaruhusiwa kutia saini, na wawili wakiondoka mwezi mmoja, nani atasaini.