Baiskeli mlimani: usipande kwa kiburi, usishuke kwa pupa

Mchana mmoja wa jua kali tuliletewa kijana amebebwa, hata jina lake halijui. Alikuwa akipanda kwa baiskeli kutoka Mombo kwenda Lushoto bila maji, na amemeza vidonge vya "nguvu" alivyopewa na wenzake. Alhamdulillah, alipona. Wengine hawaponi.

Barabara ile ni kilomita 33 hivi. Inaanzia mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari na kufika karibu mita 1,400. Misuli inayopanda hutoa joto jingi, na mwili hujipoza kwa jasho. Maji yakiisha mwilini, joto hupanda hadi kuuathiri ubongo.

Tarehe 13 Julai 1967, Tom Simpson, bingwa wa baiskeli wa Uingereza, alianguka kwenye mlima Mont Ventoux nchini Ufaransa na kufariki akiwa na miaka 29. Joto lilikuwa kali, na uchunguzi ulikuta mwilini mwake amfetamini na pombe. Dawa hizo haziongezi nguvu, bali huficha uchovu, na uchovu ndiyo kengele ya mwili.

Basi ewe kijana, panda alfajiri baada ya swala, si mchana. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakushika. Ukitoka jasho jingi, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ukichoka, shuka ukokote. Si aibu.

Mwenzako akianza kuropoka, kutapika au kupepesuka, mlaze kivulini, mpunguze nguo, mmwagie maji, mpepee, kisha mkimbize hospitali. Aliyezimia usimnyweshe kitu.

Kushuka nako kuna hatari. Breki ikikamatwa mfululizo hupata moto na kulegea. Kamata na uachie, tumia ya mbele na ya nyuma, kisha simama Soni zipoe. Punguza mzigo kwenye keria. Vaa nguo kavu, maana jasho na upepo huleta baridi kali.

Nawe mzazi, kabla mwanao hajaondoka, kagua breki na chupa ya maji. Kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.