Oili Katika Mabomba ya Hewa: Tusikimbilie Kununua Tabo Mpya

Katika kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi upande wetu huu wa Tarime na Serengeti, niliwahi kukuta hati mbili za malipo zilizofanana. Ya kwanza ilikuwa ya kununulia tabo mpya ya pikapu ya chama. Ya pili, iliyoandikwa miezi michache baadaye, ilikuwa ya kununulia tabo nyingine ya pikapu ile ile. Risiti zilikuwapo, saini zilikuwapo, na kibali cha Bodi kilikuwapo. Nilipouliza sababu, Katibu alinieleza kwamba fundi alifungua mpira wa hewa, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka na oili. Basi akatamka kwamba tabo imekufa. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Baadaye fundi mwingine aligundua kwamba bomba la kupumulia injini lilikuwa limezibwa na uchafu. Lilisafishwa, na oili ikakoma. Lakini fedha za wakulima wa kahawa zilikuwa zimekwisha kutoka.

Makala haya hayakusudii kuwageuza Makatibu kuwa mafundi. Nia yake ni kuwawezesha kuuliza maswali yapasayo kabla ya kutia saini.

Tabo ni nini?

Magari mengi tuliyoyazoea, kama Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, hayana tabo. Injini huvuta hewa kwa nguvu yake yenyewe. Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana chombo hiki, na mara nyingi huandikwa "Turbo" ubavuni. Wazo lake si geni: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905. Ndani yake mna mapangaboi mawili yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha la kwanza, nalo la pili husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo injini ndogo hupata nguvu ya kupanda milima yetu na mzigo.

Mhimili huo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hauwezi kustahimili mwendo huo bila oili, kwa hiyo injini huusukumia oili wakati wote, kisha oili hiyo hushuka yenyewe kwa bomba jingine hadi kwenye sampo. Ringi nyembamba huizuia isipenye upande wa hewa. Ringi hizo hufanya kazi vizuri endapo tu njia ya kurudia oili i wazi na hewa ya ndani ya injini haina msukumo mkubwa.

Oili imetoka wapi?

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ya hewa ni kitu cha kawaida. Injini hupumua mvuke wenye oili, na katika magari mengi mvuke huo hurudishwa kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Kinachostahili kuchunguzwa ni oili inayotuama au kudondoka, moshi wa buluu, au oili inayopungua haraka katika injini.

Mahali oili ilipo hutuonyesha ilikotoka:

(a) Ikiwa imeonekana kati ya chujio la hewa na tabo, aghalabu imetoka katika bomba la kupumulia. Tabo isihukumiwe.

(b) Ikiwa mpira wa kabla ya tabo ni mkavu na ule wa baada yake umelowa, hapo tabo inashukiwa. Lakini kushukiwa si kuhukumiwa.

(c) Ikiwa karibu na silinda kuna utando mzito mweusi kama lami, huo ni mvuke wa oili uliochanganyika na masizi. Hutokea katika magari yenye valvu ya kurudisha moshi kwenye hewa. Dawa yake ni kusafisha.

Baada ya hapo uchunguzi uanze na yale yasiyo na gharama. Oili ipimwe gari likiwa mahali tambarare, kwani kuijaza kupita alama huleta hitilafu hiyo hiyo. Chujio la hewa litazamwe. Likizibwa na vumbi la kiangazi, mvuto huongezeka na kunyonya oili kupita ringi za tabo. Bomba la kupumulia na lile la kurudishia oili yasafishwe. Kisha, injini ikinguruma polepole, kifuniko cha kujazia oili kilegezwe kwa uangalifu: hewa ikisukuma kwa nguvu, huenda ringi za pistoni zimekwisha, na tabo mpya haitaponya ugonjwa huo.

Mwisho kabisa, injini ikiwa imezimwa na kupoa, mhimili wa tabo ushikwe kwa vidole. Kucheza kidogo sana kando kando ni kawaida. Lakini ukisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa, au pangaboi likigusa ukuta wake, tabo hiyo imekwisha kweli.

Hatari isiyopuuzwa

Nisieleweke kwamba oili ni ya kudharauliwa. Ikiingia kwa wingi, injini ya dizeli huweza kuichoma kama mafuta yake na kupiga mbio yenyewe hata ufunguo ukizimwa. Gari la gia za mkono likisimama, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya juu kabisa, kisha aachie klachi ili injini ikwame. Mkono usitiwe kamwe kwenye mdomo wa hewa. Ikishindikana kuizima, watu waondolewe karibu. Kwa sababu hiyo pia, tabo inapobadilishwa, mabomba na kipoza hewa visafishwe. Oili iliyobaki humo yaweza kuvutwa ghafula.

Wajibu wa chama

Kila gari liwe na daftari lenye tarehe, kilometa na kiasi cha oili kilichoongezwa. Fundi aandike oili ilionekana wapi na alikagua nini kabla ya kupendekeza spea. Kifaa cha zamani kirejeshwe chamani na kuonyeshwa kwa Bodi. Dereva, baada ya kupanda mlima na mzigo, aache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili tabo ipoe. Oili na chujio vibadilishwe kwa wakati wake, na chujio litazamwe mara kwa mara zaidi wakati wa vumbi.

Ndugu Makatibu, hati ya malipo iliyokamilika kwa saini haitoshi. Hati zile mbili nilizozikuta hazikuwa na kosa lolote la maandishi; ila hakuna aliyeuliza oili ilitoka wapi.