Mgongo Unapouma: Kabla ya Kukubali Kisu

Ndugu yetu mmoja mwenye duka Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, ameleta swali linalowahusu wengi. Maumivu yamemshika kiunoni na kumteremkia mguuni, na sasa ni mwezi wa tatu. Jamaa zake wa Mombasa wanachanga fedha ili afanyiwe upasuaji wa uti wa mgongo kwa tundu dogo. Wazee wa huko aliko wanamwambia aoge maji ya moto ya chemchemi za Kapedo na asubiri. Amfuate nani?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tutafute tiba, naye ndiye mbora wa wenye kutawakali. Kwa hiyo kuketi na maradhi kwa jina la subira si katika mafunzo yake. Lakini kutafuta tiba huanza kwa kuujua ugonjwa.

Kapedo ni nchi ya wafugaji. Kwa watu wa huko, mgongo unaweza kuuma kwa sababu ya kifua kikuu kilichoingia katika pingili, au brusela, ugonjwa unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi na kuwashika wanyama wanaougua. Homa zisizokwisha, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kutiliwa maanani. Tiba ya msingi ya magonjwa haya ni dawa za miezi kadhaa, na ni wachache wanaohitaji kisu. Basi ndugu yetu apimwe kwanza damu na apigwe picha, iwe ni katika hospitali ya rufaa ya Lodwar au kwa njia ya kusini hadi Nakuru.

Ikibainika kuwa ni gegedu lililo baina ya pingili limetokeza na kubana mshipa wa fahamu, ajue kwamba wengi hupata nafuu bila upasuaji katika wiki 6 hadi 12. Yeye anakaribia mwisho wa muda huo; kama maumivu ya mguu hayajapungua, ni haki yake kumwona daktari bingwa. Katika upasuaji huu daktari hupitisha vyombo kwenye tundu la sentimita 2 au 3 na kuondoa kipande kinachobana. Damu hupotea kidogo na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja au miwili matokeo yake hayatofautiani sana na ya upasuaji wa kawaida, na mguu hufaidika zaidi kuliko mgongo wenyewe. Udogo wa jeraha, basi, si sababu ya kupasuliwa.

Ama maji ya moto, hulegeza misuli, lakini hayaondoi kinachobana mshipa. Na mwenye ganzi mguuni aweza kuungua bila kuhisi.

Lipo jambo lisilongoja mchango wala mashauri: mgonjwa akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, akipata ganzi sehemu za siri na matakoni, au mguu ukizidi kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pasipo dharura, amwulize daktari: Ugonjwa wangu ni upi? Nisipopasuliwa itakuwaje? Hatari zake ni zipi? Wewe umewafanyia wangapi? Kisha ataka shauri, aswali istikhara, na aamue. Jamaa wachangie, lakini idhini ni ya mwenye mwili. Fedha zilizokwisha kukusanywa zisimsukume kitandani.

Wakati wote huo Swala haimtoki. Imran bin Husayn alipougua, Mtume alimwelekeza aswali amesimama, asipoweza, ameketi, asipoweza, kwa ubavu. Dini iliyomhurumia mgonjwa hivyo haimtaki aumie kwa kujionyesha kuwa shujaa.

Mwenyezi Mungu amponye ndugu yetu na wagonjwa wetu wote. Amin.