Kisangani: bahari iko mbali, lakini ardhi inaisikia

Mtu akiweka kipima tetemeko kidogo nyumbani kwake, Makiso au Mangobo, usiku wa kwanza ataona kwamba mstari kwenye skrini hautulii. Pikipiki zimelala, hakuna tetemeko, na bado ardhi inapanda na kushuka polepole, kila sekunde tano hadi nane, mpaka asubuhi.

Ni bahari. Kisangani iko karibu kilomita 1,700 kutoka pwani ya Atlantiki, na karibu umbali huohuo kutoka Mombasa. Mwaka 1950 Mwingereza Michael Longuet-Higgins alieleza jinsi inavyotokea: mawimbi yanayotoka pande mbili yakigongana, yanasukuma sakafu ya bahari mara mbili kwa kila wimbi. Mawimbi ya sekunde 12 yanaleta mtikisiko wa sekunde 6, nao unasafiri ndani ya miamba hadi katikati ya bara. Ukifika Tshopo, ni mdogo kuliko unene wa unywele.

Kuutambua si kazi ngumu. Tetemeko linaanza ghafla, linapiga mara ya kwanza, kisha linapiga tena kwa nguvu zaidi, halafu linafifia. Bahari haina mwanzo: inaongezeka kwa saa nyingi dhoruba inapokua, na inapungua vivyo hivyo. Malori na pikipiki hutikisa haraka, mara nyingi kwa sekunde moja, na hufuata saa za watu. Hilo lilionekana duniani kote mwaka 2020, wakati wa Corona: kelele za binadamu zilipungua, katika sehemu nyingine hadi nusu, lakini bahari haikufungiwa nyumbani. Maporomoko ya Wagenia nayo hayalali, ila maji yanayopiga mawe hutikisa kwa haraka, si kwa sekunde sita.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 bila onyo la wazi, na maelfu ya watu wakakimbia Goma, picha ya mstari unaotetemeka ikipita kwenye WhatsApp inatosha kuwatoa watu nyumbani. Kabla ya kuisambaza, mwenye kifaa achuje mitikisiko ya polepole kwenye programu yake, kisha alinganishe na vituo vingine. Tetemeko la kweli la Kivu litaonekana kwenye vituo vya Goma kabla ya kufika Kisangani, kilomita 500 hivi kutoka huko.

Kuna mdundo mwingine ambao vifaa vidogo vya nyumbani kwa kawaida havifiki kuuona. Kila sekunde 26 hivi ardhi inapigwa kutoka Ghuba ya Guinea, karibu na Kamerun. Mmarekani Jack Oliver aliuandika mwaka 1962, na wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema ni mawimbi, wengine wanasema ni volkano.