Wembe, Maji na Vipele vya Ndevu

Katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba, kazi ya kinyozi haina msimu. Asubuhi, kabla wenye maduka ya Mtaa wa Kongo hawajamaliza kupanga bidhaa zao, kiti cha kinyozi kimekwisha kukaliwa; jioni, taa zinapowashwa, wateja wangali wanangoja zamu kwenye benchi. Hapo zamani vinyozi wengi walifanya kazi barazani au chini ya mti, wakiwa na kioo, mkasi na wembe wa kukunja. Siku hizi wengi wao wamo ndani ya vyumba vyenye feni na mashine za umeme. Lakini jambo moja halikubadilika. Miongoni mwa wanaoinuka katika kiti hicho wamo ambao siku ya pili au ya tatu watajikuta na vipele vigumu shingoni na chini ya kidevu, vipele viwashavyo, viumavyo, na pengine kutunga usaha.

Mwenye vipele hivyo huambiwa mengi. Huambiwa kwamba wembe ulikuwa mchafu, au kwamba damu yake ni chafu, au kwamba hajui kuoga. Kijana wa kidato cha tatu anayeanza kuota ndevu, ambaye sheria ya shule humtaka awe amenyoa kila Jumatatu, husikia maneno haya akayaamini, naye huona haya kuuliza. Kwa kweli mara nyingi wembe mchafu hauna hatia katika jambo hili. Mkosaji ni unywele wenyewe, pamoja na jinsi unavyokatwa.

Unywele unaorudi nyumbani

Kila unywele huota kutoka katika kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, kifuko hicho nacho kimenyooka, na unywele hutoka nje kama mche wa mahindi. Kwa mtu mwenye nywele za kipilipili kifuko kimepinda kama mundu, na unywele, hata ukiwa bado mfupi sana, huendelea kupinda. Ukikatwa kwa wembe mkali hubakia na ncha iliyochongoka. Siku chache baadaye ncha hiyo, badala ya kwenda juu, hugeuka na kuichoma ngozi karibu na mahali ulipotokea. Mwili hautambui kwamba mgeni huyu ni mtoto wake. Huupokea unywele huo kama uupokeavyo mwiba: damu huzidi kuja mahali hapo, chembechembe nyeupe hukusanyika, ngozi huvimba na kuuma. Mwaka 1956 madaktari wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, waliieleza hali hii kwa makini na kuonyesha kwamba chanzo chake ni unywele kuingia katika ngozi, wala si vijidudu. Vijidudu huweza kufuata baadaye, mtu akijikuna.

Iko njia ya pili, yenye hila zaidi. Mtu anaponyoa huku ameivuta ngozi ikakaza, au akirudisha wembe kinyume cha uelekeo wa ndevu, unywele hukatwa chini ya usawa wa ngozi. Ngozi ikiachiwa, ncha huzama ndani ya kifuko na kukitoboa ubavuni kabla haijapata kuona jua. Nyembe za bapa mbili, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Gillette mwaka 1971, na zile za bapa tatu na zaidi zilizofuata, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: bapa la kwanza huuvuta unywele, la pili huukata kabla haujarudi. Mwenye ndevu zilizonyooka hupata kidevu laini. Mwenye ndevu za kipilipili hununua vipele kwa fedha zake mwenyewe.

Si kila mwenye ndevu za namna hiyo huvipata. Mwaka 2004 kundi la watafiti lilitangaza kwamba badiliko dogo katika jeni moja, inayohusika na keratini ya utando unaouzunguka unywele ndani ya kifuko, huzidisha hatari ya vipele kiasi cha mara sita. Kwa hiyo ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja, wanaotumia wembe wa namna moja na sabuni moja, huweza kutofautiana kabisa, na yule mwenye shingo safi hana sababu ya kumcheka mwenziwe. Katika jeshi la Marekani, ambako askari walitakiwa wawe wamenyoa sawasawa, madaktari walilazimika kuwaandikia vyeti askari wengi weusi ili waruhusiwe kufuga ndevu fupi. Walinzi, askari na wahudumu wa hoteli wa Dar es Salaam wanalifahamu vizuri tatizo hilo.

Zako tia maji

Waswahili husema: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Methali hutumiwa kuonya, lakini hata ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi ni kanuni sahihi ya sayansi. Unywele umefanywa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi zake hushikamana kwa viungo vya namna mbili: viungo imara vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi, na viungo dhaifu vya haidrojeni, ambavyo maji huvilegeza. Unywele mkavu ukilowa hunywa maji hadi kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake, ukavimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua sana. Lakini jambo hilo linataka muda, kiasi cha dakika mbili au tatu, nalo huenda upesi zaidi maji yakiwa ya uvuguvugu. Kinyozi anayenyunyiza maji kidogo na hapo hapo kushika wembe amelowesha ngozi tu. Taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, likawekwa kidevuni wakati mteja aliyetangulia anapunguzwa nywele, halina gharama kubwa.

Na wembe huo nao huchoka upesi kuliko watu wanavyodhani. Chuma cha wembe ni kigumu kiasi cha mara 50 kuliko unywele; inakuwaje basi kitu laini kikishinde kigumu? Mwaka 2020 wahandisi wa Massachusetts nchini Marekani walitazama kwa hadubini ya elektroni wakati wembe ukikata nywele, wakaona kwamba unywele unapoinama ubavuni mwa makali huvunja vibanzi vidogo sana vya chuma, hasa pale ambapo chuma chenyewe hakilingani ugumu. Makali yaliyomeguka hayakati tena, bali huvuta. Hapo mtu huanza kukandamiza na kupitisha mara tatu nne mahali pale pale, na ngozi ya juu hukwanguliwa pamoja na ndevu.

Baada ya maji, sabuni. Hapa pana jambo linalowahusu hasa wakazi wa jiji la pwani. Pamoja na maji ya bomba yatokayo Mto Ruvu, nyumba nyingi za katikati ya Dar es Salaam hutumia maji ya visima, na mengi kati ya hayo yana chumvi. Yaliyo na kalsiamu na magnesi nyingi huitwa maji magumu: sabuni ya kawaida ikitiwa humo haitoi povu, bali hugeuka utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaoganda pembeni mwa beseni. Kidevuni utando huo hauutelezeshi wembe hata kidogo. Sabuni ya mafuta ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari, na kwa sababu hiyo mabaharia wameitumia tangu zamani. Lakini nayo hukausha ngozi na kuiwasha kuliko sabuni nyingine, hivyo si dawa ya mwenye ngozi nyepesi. Tena, sabuni zote za mche ni alikali, kwenye kipimo cha pH kiasi cha 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi ni asidi kidogo, karibu na 5. Sabuni laini ya kunyolea, ambayo kwa desturi hutengenezwa kwa potasi na huwa na gliserini, huyashika maji kwenye ndevu muda mrefu zaidi. Anayekosa hiyo na apate maji ya mvua au ya bomba, atoe povu jingi, na alioshe lote akimaliza.

Spiriti, shabu na krimu za kopo

Mteja akiisha kunyolewa hupakwa kitu. Mara nyingi ni spiriti, na ule mchomo wake huchukuliwa kuwa ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Spiriti huua vijidudu, ni kweli, lakini huondoa mafuta ya ngozi iliyokwisha kukwanguliwa, nayo haina uwezo wowote juu ya unywele utakaopinda kesho kutwa. Shabu, lile jiwe jeupe la wazee, hukaza ngozi na kuzuia damu ya mkato mdogo; kosa ni kulipitisha jiwe moja kwenye nyuso za watu kumi. Maji safi ya baridi, na mafuta kidogo yasiyo na manukato, hutosha.

Jambo la hatari zaidi huuzwa kwa kopo. Mwenye vipele, akiona shingo yake imekuwa nyeusi kwa makovu, hushauriwa krimu ya kung'arisha. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki au haidrokwinoni, na nyingine zina dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli. Zile zenye viambato vilivyokatazwa zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, lakini bado hupenya sokoni. Krimu ya steroidi humdanganya mtumiaji kwa siku za mwanzo, kwa kuwa uvimbe hushuka. Akiendelea kwa miezi, ngozi hupungua unene, mishipa midogo huonekana, chunusi humea, na akiacha ghafula vipele hurudi kwa ghadhabu.

Kisogoni pana ugonjwa wa jamaa moja na huu, ambao watu wengi huuchanganya nao. Huwapata wanaume wanaopenda kunyolewa kipara au kuchongewa mstari wa nyuma kwa ukali. Vipele vya hapo huweza kuungana na kuwa makovu magumu yaliyoinuka, na nywele haziti tena mahali hapo. Aliyeona vipele kisogoni na akaendelea kudai mstari uchongwe vile vile anajitafutia kovu la maisha.

Kuhusu usafi wa vyombo, haukusababisha vipele, lakini haufai kudharauliwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na mafunzo yaliyofuata yaliwafanya watu wengi wakatae wembe wa kuchangia. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni sugu zaidi: huweza kukaa nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, kwa siku 7 au zaidi, vingali na uwezo wa kuambukiza. Sanduku lenye taa ya buluu linaloonekana katika saluni nyingi halitoshi. Mwanga wa urujuanimno huua pale tu unapofika. Upande wa chini wa chombo, na meno ya mashine yaliyojaa nywele na mafuta, hubakia kivulini. Bapa la wembe litumiwe kwa mtu mmoja na kutupwa. Meno ya mashine yasuguliwe kwanza kwa sabuni, kisha yalowekwe dakika 10 katika maji ya klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu 1 ya dawa ya dukani yenye asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji, na mwishowe yasuuzwe na kukaushwa, kwani klorini hula chuma.

Mtu afanye nini basi? Dawa ya kwanza ya vipele vya ndevu ni kuacha kunyoa. Ndevu zikifikia urefu wa kiasi cha sentimita 1 hufyatuka zenyewe kutoka katika ngozi, kama waya uliokunjwa ukaachiwa, na vipele hupungua kwa muda wa wiki chache. Asiyeweza kungoja, au asiyeruhusiwa na kazi yake, na atumie mashine ya umeme inayobakiza kiasi cha milimita 1, bila kukandamiza. Anayeshikilia wembe atumie bapa moja jipya, afuate uelekeo wa ndevu, asivute ngozi, na apitishe mara moja. Kung'oa kwa kibano ni kuanza upya, maana unywele mpya hulazimika kutoboa njia ndani ya kifuko kilichovimba. Vipele vyenye usaha mwingi, au makovu yanayokua, vipelekwe hospitali. Pale KCMC mjini Moshi pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake hufanya kazi katika hospitali nyingi za mikoa.

Mwalimu wa kemia anaweza kulionyesha darasani jambo la sabuni bila vifaa vya gharama. Zitafutwe chupa nne ndogo za namna moja. Mbili zitiwe maji ya mvua, mbili maji ya kisima, kiasi sawa katika zote. Kisha katika kila jozi, chupa moja itiwe vipande vya sabuni ya kawaida na nyingine vya sabuni ya nazi, vyenye uzito sawa. Zitikiswe zote kwa nusu dakika, ziachwe kwa dakika tano, na wanafunzi wapime urefu wa povu kwa rula na kuandika rangi ya maji yaliyo chini yake.