Usikimbilie Randa

Mlango wa mbao unaosukumwa pembeni na kuingia ndani ya ukuta huning'inia kwa magurudumu madogo kwenye reli ya juu. Ukikwama, wengi huulazimisha, au huchukua randa. Seremala (ndivyo watu wa kwao walivyomwita Bwana wetu, Mk 6:3) hutazama juu kwanza: huenda skrubu imelegea, mlango ukashuka. Wakati wa masika hana haraka. Mbao huvimba kwa unyevu. Ukizipunguza leo, kiangazi zitaacha mwanya.

Ndivyo ninavyowaambia wanandoa wanaotaka kutengana katikati ya msiba, au mmoja akiwa ameachishwa kazi: subirini kwanza msimu huu upite. Penye kipigo, hapana. Hapo simwambii mtu asubiri. Namtafutia mahali salama pa kulala usiku huohuo.